Subiri-Kwanza: Miaka Thelathini na Minne ya Mkunga wa Maboga

Ifikapo saa tisa na nusu alasiri, tarehe thelathini mwezi huu, mtunza bustani wa hospitali yetu atarudisha funguo za stoo ya majembe na kuwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezidai mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeziacha ili sentensi iende vizuri, akaniambia kwamba alizifanyia kazi, tena mvua ikimnyeshea, kwa hiyo ziandikwe.

Mimi ni karani wa utumishi. Nimepewa wasifu huu niuandike kwa sababu faili lake liko kwangu, na wakubwa wakadhani kwamba mwenye faili ndiye anayemjua mtu. Faili lenyewe ni jembamba. Lina barua ya kuajiriwa, fomu za likizo ambazo nyingi hazikutumika, cheti kimoja cha mfanyakazi bora na barua moja ya onyo. Barua ya onyo niliiandika mimi. Nitaifikia, sina pa kukwepea.

Aliingia hapa kwa mlango wa dobi, akiwa kibarua wa kufagia varanda za wodi. Kwa miaka minane alitia sahihi kwenye daftari la vibarua kila Jumatatu, na kila Jumatatu hakuwa na hakika kama ijayo ataitwa. Ajira ya kudumu aliipata mwaka wa tisa, na pamoja nayo akakabidhiwa bustani iliyo nyuma ya jiko: robo ekari ya udongo mwekundu, bomba moja linalovuja, na ukuta wa matofali ambao upande wake wa pili ni barabara ya malori. Bustani hiyo ndiyo inayotia mboga kwenye sufuria ya wagonjwa. Ikikosa kuzaa, sufuria inabaki na maharage peke yake, na wagonjwa wetu wanajua kulalamika hata wakiwa na dripu mkononi.

Mwaka uleule jengo jipya la upasuaji lilianza kujengwa. Kichaka kilichokuwa karibu kikafyekwa, maegesho ya magari yakamwagwa lami, na dawa ya mbu ikawa inapulizwa kila wiki. Mbu hawakwenda mbali. Waliohama ni nyuki. Maboga yakawa yanatoa maua mazuri ajabu, makubwa kama kiganja, halafu vitoto vya boga vinanyauka na kudondoka vikiwa na ukubwa wa yai. Mpishi mkuu akatangaza kwamba bustani ina mkosi na kwamba aliyepewa bustani ndiye aliyekuja nao.

Mwenyewe hakubishana naye. Alikaa asubuhi tatu mfululizo juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama tu, akaona kwamba hakuna mdudu hata mmoja anayeingia kwenye maua. Boga lina ua dume na ua jike, na vumbi la manjano la dume lisipomfikia jike, hakuna mtoto. Basi akaanza kulifikisha yeye. Kila alfajiri ya msimu, kabla jua halijafumba maua, alichuma ua dume, akalivua majani yake ya manjano kama anayemvua mtoto shati, akalisugua ndani ya ua jike, moja baada ya jingine, mstari mzima. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Zile fomu za likizo zilikosa mtumiaji kwa sababu hiyo: maboga hayakubali kusubiri mtu arudi safari.

Hapo ndipo alipopata jina la Mkunga wa Maboga, ambalo halikukawia kuwa Mkunga tu. Katika hospitali yenye wakunga wa kweli kumi na wawili, jina hilo lilileta balaa mara moja. Bwana mmoja alimleta mkewe akiwa na uchungu, akauliza getini mkunga yuko wapi, na mlinzi, bila kufikiri, akamwonyesha bustanini. Bwana yule alimkuta Mkunga wetu amepiga magoti matopeni, ua mkononi, akiliambia boga lijitahidi. Alikaribia kuzimia. Mkunga alimshika mkono wakakimbia wote wawili hadi wodi ya wazazi, naye kwa haraka akasahau kuliweka ua chini. Mtoto alizaliwa salama, na ua likawekwa kwenye glasi kando ya kitanda cha mama. Tulicheka mwaka mzima.

Mume wa Mkunga, fundi baiskeli, yuko nasi leo. Amenieleza kwamba kwa miaka yote hii ameamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa, na kwamba watu wakimuuliza mkeo yuko wapi amekuwa akijibu kwamba ana wengine, wako mia na arobaini, wote wana vichwa vikubwa. Pole, shemeji. Kuanzia mwezi ujao tunakurudishia.

Sasa niingie kwenye lile jambo ambalo litabaki hapa akishaondoka.

Miaka tisa iliyopita Mkunga alipiga hesabu ya umri wake akaona mwisho unakuja. Alifika ofisini kwangu akiwa amevua viatu vya matope mlangoni, akauliza ni nani atakayewachavushia wagonjwa maboga yao yeye akiondoka. Aliomba apewe mtu wa kumfundisha. Nilifungua jalada, nikapekua kurasa kwa madaha, nikamjibu kwamba ikama ya watumishi haina nafasi ya nyuki. Nilijiona nimesema jambo la kuchekesha sana. Yeye hakucheka. Alisema kama ni hivyo basi itabidi warudi wenyewe, kwa kuwa nyuki hastaafu wala haombi kupandishwa cheo, akavaa viatu vyake akaenda.

Nyuki hawawezi kurudi mahali wanapokula mwezi mmoja na kulala njaa miezi mitano. Ilitakiwa kitu kinachochanua wakati wa ukame, maboga yakiwa bado mbegu. Mkunga alikikumbuka. Kando ya reli ya zamani, kwenye mtaro, kuna ua la porini la zambarau ambalo watoto wa zamani walikuwa wakilifyonza utamu, na ambalo huchanua wakati majani yote ya jirani yamekuwa kahawia. Ni ua la hapahapa, halikuletwa na mtu, na mmea wake ni wa kudumu: juu unakauka kila mwaka, chini mzizi unaendelea kuishi. Kwa miaka mingi watu walipita wakilikanyaga. Alingoja hadi vichwa vyake vilipokauka kabisa, akavipukusa ndani ya bahasha ya vidonge kutoka duka la dawa, ile yenye maandishi ya kutwa mara tatu, akaja na mbegu zake.

Alichagua kupanda chini ya dirisha langu. Hakunitania: pale ndipo jua linapokaa kutwa nzima na maji hayatuami. Alichanganya mbegu na mchanga, akazimwaga juu ya udongo na kuzikandamiza kwa wayo tu, bila kuzifukia, kwani ni ndogo kama vumbi na zinataka kuona mwanga ndipo ziote. Hakuweka samadi hata kiganja. Alisema ua hilo ukilinenepesha linaota majani mengi, linaanguka, na nyuki hawapati kitu.

Mwaka wa kwanza ulipita kukiwa na vijani vilivyolala chini, bapa kama sahani. Mwaka wa pili, vijani vilevile, labda sahani kubwa kidogo, na mabua machache yasiyo na ua. Nikauliza kupitia dirishani ua liko wapi. Akajibu: subiri kwanza. Mpishi akauliza, akaambiwa subiri kwanza. Mganga Mkuu wa wakati ule, mpenda maua, alikuwa akisimama pale kila asubuhi na kikombe chake cha chai, naye akapewa jibu hilohilo kwa heshima. Ua halikuwa na jina linalojulikana na wengi, basi likabatizwa na wodi nzima: subiri-kwanza. Mkunga alieleza kwamba mmea wa kudumu hujenga chini kabla ya kujionyesha juu. Aliongeza, akinitazama mimi, kwamba hata yeye alikaa miaka minane kabla hajaandikwa wa kudumu, na hakuna aliyemng'oa.

Ukame ulipofika, kitanda cha ua hilo kikawa vijiti. Hakutaka viguswe. Kuna nyuki wadogo, weusi, wasiouma, ambao hutaga ndani ya mabua makavu yenye uwazi, na ukiyakata umewabomolea nyumba. Mimi sikuona nyumba. Niliona uchafu chini ya dirisha la utawala, na mwaka huo wa pili nikaandika ile barua ya onyo, yenye maneno haya: "kupanda na kutunza magugu katika eneo la ofisi." Aliisoma, akatia sahihi, akaomba nakala.

Mwaka wa tatu tukapata taarifa kwamba wakaguzi wanakuja. Mganga Mkuu alikuwa safarini, mimi nikakaimu masuala ya usafi, na mtu akikaimu, kichwa huvimba. Nikaandika kikaratasi kwa mfyekaji wetu, kibarua, ambaye sote tulimwita Wembe kwa jinsi alivyokuwa ananyoa nyasi: "Kitanda chini ya dirisha la utawala kifukuliwe chote, majani yachomwe kabla ya saa nne." Saa nne kitanda kilikuwa udongo mtupu. Wakaguzi wakaja. Hawakutazama hata upande ule wa dirisha. Waliuliza habari za vyoo.

Mganga Mkuu aliporudi na kikombe chake asubuhi na kukuta udongo, aliita watu, akauliza kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Nami nilisema uongo. Nilisema niliagiza nyasi za kwenye uzio zifyekwe na Wembe akakosea mahali. Kila mtu aliamini mara moja, kwa sababu kila mtu alijua kwamba Wembe hajui kusoma. Niliuchagua uongo huo kwa sababu hiyo. Wembe alisimama mbele yetu, akatazama viatu vyake, akasema samahani bosi. Aliondolewa kwenye nyasi alizozipenda akapelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka, akakaa huko na moshi wake hadi alipoacha kazi miaka minne iliyopita. Miaka yote hiyo nilimsalimia vizuri sana.

Mkunga hakuniuliza neno. Wiki chache baadaye niliona nyuma ya dobi makopo ya maziwa na ya rangi yamepangwa, yana udongo, yana mizizi minene yenye vichipukizi. Arobaini na tatu. Nikadhani ameiokota jalalani, nikashukuru kimoyomoyo kwamba haulizi. Alikuja kuipanda tena bustanini, kando ya ukuta wa jiko, mbali na dirisha la mtu yeyote; miwili haikushika. Akaanza upya kungoja.

Miaka mitatu iliyopita, katikati ya ukame, alikuja kugonga mlango wa jiko akiita watu. Mpishi alitoka mbio na mwiko mkononi akidhani kuna aliyeungua. Mkunga alikuwa anatuitia nyuki mmoja. Mmoja tu, amekaa juu ya ua la zambarau, anajipaka vumbi bila haraka. Watu wazima tisa tulisimama pale tukimtazama, na Mkunga akajifuta macho kwa mkono wenye udongo akabaki na mstari shavuni kutwa nzima. Mwaka uliofuata hatukuweza tena kuwahesabu. Wakaja na vipepeo, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao fundi seremala wetu bado anawalaani.

Ilibaki kujua kama watatosha. Msimu huu wa mwisho Mkunga aliamua kwamba hatalisugua ua hata moja. Alisema afadhali tujue yeye akiwa bado ana funguo. Mpishi alimsihi, akamkumbusha kwamba wodi zimejaa, akamwuliza kama anataka wagonjwa walishwe majaribio. Kila alfajiri Mkunga alikuja kama kawaida, akatembea katikati ya mistari akiwa amefungamanisha mikono mgongoni. Wiki mbili za kwanza vitoto kadhaa vilidondoka. Alikonda. Mumewe aliniambia kwamba alikuwa halali, anageuka tu. Halafu vilivyobaki vikaanza kunenepa.

Tumevuna maboga tisini na moja. Kwa mkono wake tulikuwa tunapata mia na arobaini, na sitayapamba hapa kwa sababu hapendi. Lakini hayo tisini na moja hayakuguswa na mtu. Sufuria haikukosa hata siku moja, na nyuki bado wanaongezeka.

Wasifu ungeweza kuishia hapo, na ndivyo nilivyokuwa nimeuandika mara ya kwanza.

Wiki mbili zilizopita Mkunga aliniletea hati ya makabidhiano. Majembe sita, reki mbili, mpira wa maji mmoja wenye viraka, kila kitu na mpokeaji wake. Kipengele cha mwisho kilisema hivi: "Kitanda cha subiri-kwanza, mashina arobaini na moja. Akabidhiwe karani wa utumishi. Anakijua, alishawahi kukifukua." Nyuma ya karatasi ilibanwa bahasha ya vidonge, ya kutwa mara tatu. Ndani mlikuwa na mbegu kidogo na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wangu.

Sikuweza kumtazama. Nilikwenda kwa Mzee Wembe, nyumbani kwake, naye alinikaribisha, akanipa kiti chenye miguu mizima, kisha akanieleza yale ambayo kila mmoja wetu angeyafikiria kama angekuwa na akili ya kuyafikiria. Mtu asiyejua kusoma akipewa kikaratasi, anatafuta wa kumsomea. Asubuhi ile aliyekuwa karibu alikuwa Mkunga.

Alimsomea. Angeweza kumwambia kimeandikwa chochote, kwamba kimesema nyasi za uzio, na Wembe angeamini. Alimsomea kilichoandikwa, mara mbili, polepole. Wembe alitaka kukirudisha na kukataa kazi. Mkunga alimwambia asithubutu: yeye alikuwa kibarua miaka minane na anajua Jumatatu ya kibarua ilivyo, na daftari la vibarua liko kwa aliyeandika karatasi hii. Akamwonyesha aingize jembe mbali na shina, urefu wa mkono mmoja, anyanyue mzizi na udongo wake. Majani yakachomwe kama ilivyoagizwa. Mizizi hakuna aliyeitaja, basi iwekwe kwenye gunia. Walifukua pamoja, yeye na Wembe. Alikifukua kitanda chake mwenyewe, miaka mitatu yake, kwa sababu yangu.

Nilipomsingizia Wembe, Mkunga alitaka kuja na kile kikaratasi mbele ya Mganga Mkuu. Wembe ndiye aliyemzuia, akimwomba asimkosanishe na mwenye daftari. Hata alipoacha kazi na hofu hiyo ikaisha, na akamwambia sasa unaweza kusema, Mkunga alimjibu subiri kwanza. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Miaka minne nilikuwa nikipita kwenye kitanda kile, na kilipochanua nikisifia maua, naye akinisikiliza.

Kwa hiyo nasema, katika karatasi hii ambayo kila mtu ukumbini anayo. Wembe hakukosea kitanda. Nilimwandikia kitanda kilekile, akafanya nilichoandika, kisha nikamtwika aibu yangu kwa sababu nilijua hawezi kunisomea makosa. Mzee Wembe, umeketi mstari wa mbele. Nisamehe. Barua ya kukusafisha imo katika faili lako kuanzia jana na nakala ameipata Mganga Mkuu wa sasa, ambaye ataamua la kunifanya. Nimekusomea mwenyewe, mara mbili, polepole.

Nilitaka pia kuiondoa ile barua ya onyo katika faili la Mkunga. Amekataa. Amesema ndiyo karatasi pekee humo inayotaja ua lake, ingawa inaliita magugu. Nimeongeza karatasi ya pili yenye jina sahihi.

Mkunga, kwa niaba ya jiko, dobi, wodi zote na hata seremala, tunakushukuru. Umewalisha watu ambao wengi wao hawakujua wewe ni nani. Uende ukale matunda ya jasho lako, wewe na shemeji, kwa afya na kwa amani, na kila asubuhi jua likukute bado kitandani.

Hati ya makabidhiano nimetia sahihi leo. Kabla ya kutia nilikwenda bustanini nikahesabu. Mashina yote arobaini na moja yapo, na mabua makavu sijayagusa.